Vijana wafundishwe taa kabla ya kufundishwa kuediti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme hili jambo maana limenikaa rohoni na kila msimu wa mahafali ukifika linazidi. Ukiangalia picha wanazoposti wahitimu, au za sendofu, au hizi za bethdei za watoto, unakuta mtu unamfahamu kabisa ni mweusi, au ni maji ya kunde, lakini kwenye picha uso umekuwa wa rangi nyingine na shingo imebaki ileile, masikio yaleyale, vidole vilevile. Uso peke yake ndo umehama. Mi nafanya kazi ya studio hapa Tanga, ndo inayonilisha na kusomesha wanangu, na nasema wazi kwamba tatizo lile halitokani na kamera mbovu na wala haliponi kwa programu ya kuediti. Aliyepiga hakufundishwa taa. Kamera anayo nzuri tu, wengine wana kamera nzuri kuliko yangu, laptopu anayo, priseti, ile mipangilio ya kuediti iliyokwisha tengenezwa, kanunua, lakini hajawahi kukaa na mtu akamwonyesha mwanga unatoka wapi, unagonga wapi na kivuli kinaangukia wapi.

Wengi wanaanza hivi: kijana anakusanya hela zake anaenda Kariakoo ananunua seti ya softiboksi mbili, zile taa zenye boksi la kitambaa cheupe mbele, na stendi zake, akifika anaweka moja kulia moja kushoto, umbali sawa, nguvu sawa, zote zinamtazama mteja usoni, halafu katikati anaongeza ringi laiti, ile taa ya duara. Anaona chumba kimeng'aa anafurahi. Sasa kinachotokea pale ni kwamba kila taa inafuta kivuli cha mwenzake, na uso wa binadamu kwenye picha unapata umbo kwa sababu ya vivuli, kile kidogo cha pembeni ya pua, kile cha chini ya mdomo, kile kinachoshuka chini ya taya kikatenganisha uso na shingo. Ukivifuta vyote uso unakuwa bapa, shavu halionekani linaanzia wapi, pua inalala, na kama ni mtu mweusi mbele ya pazia la giza bila taa ya nyuma ndo basi tena, nywele zinaungana na pazia hujui kichwa kinaishia wapi. Akija kuiona kwenye laptopu anahisi kuna kitu kimepungua ila hajui ni nini, anapandisha mwangaza, anapandisha tena, analainisha ngozi mpaka vinyweleo vinapotea. Ni kupiga chokaa ukuta wenye nyufa.

Ushauri wangu kwa anayeanza wengi hawaupendi lakini nausema: ile taa ya pili iweke kando, fanya kazi na taa moja tu kwa miezi ya mwanzo, na kabla hata ya hiyo moja, tumia dirisha. Mkalishe mtu kwenye kiti karibu na dirisha, dirisha liwe ubavuni kwake, zima taa zote za ndani, kama jua linaingia moja kwa moja vuta pazia jepesi jeupe. Mwambie ageuze uso polepole kuelekea dirishani na wewe usipige, tazama tu. Kuna mahali utaona ule upande wa giza unapata pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, imebanwa kati ya kivuli cha pua na kivuli cha shavu. Mwanga huo umepewa jina la Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600, kwa sababu nyuso nyingi alizichora hivyo. Akizidi kugeukia dirishani pembetatu inafunguka na mwanga unajaa uso mzima, akirudi nyuma inapotea na nusu ya uso inabaki giza, na kila hatua hapo katikati ni picha tofauti yenye maana tofauti. Halafu mtazame machoni, utaona dirisha lenyewe limejichora juu ya mboni, ile nukta nyeupe ndo inalipatia jicho uhai, ikikosekana mtu anaonekana amechoka hata kama ametoka kucheka sasa hivi.

Na asikudanganye mtu kwamba kutumia dirisha au mwanga wa nje ni kukosa hela. Seydou Keïta wa Bamako kule Mali alifungua studio yake mwaka 1948, na picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa mchana, nyuma katundika vitambaa vya maua, na leo picha zile zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani na watu wanakwenda kuzitazama.

Ukishalielewa dirisha ndo washa taa yako. Iweke mbele ya unayempiga kwa pembeni, kama digrii 45 hivi, ipande juu kidogo ya macho na iangalie chini, maana macho yetu yamezoea mwanga wa juu, taa ikiwa chini ya kidevu mtu anatisha. Upande wa pili weka kitu cheupe kirudishe mwanga kwenye kivuli, si lazima ununue riflekta, lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la TV linafanya kazi vizuri kabisa, hata shuka jeupe juu ya kamba. Lisogeze kivuli kinapungua, lirudishe kinaongezeka. Ukitaka uso uwe na uzito zaidi, toa cheupe weka kitambaa cheusi, kitameza mwanga unaorudi kutoka ukutani.

Sasa kwenye umbali wa taa hapa ndo napenda vijana wakae kidogo, maana wakilielewa hili wataacha kununua vitu wasivyohitaji. Mwanga unakwisha kwa kasi kuliko mtu anavyodhani. Ukiongeza umbali mara mbili haubaki nusu, unabaki robo, ukiongeza mara tatu unabaki sehemu moja ya tisa. Chukua mteja amekaa mita 2 mbele ya ukuta mweupe. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni kwake, ukuta upo mita 3 kutoka kwenye taa, kwahiyo ukuta unapata kama asilimia 11 ya mwanga unaoupata uso, na ule ukuta mweupe utatoka kijivu kilichoiva. Irudishe taa iwe mita 3 kutoka usoni, ukuta sasa upo mita 5, ongeza nguvu ya taa mpaka uso urudi kuwa vilevile, utakuta ukuta unapata asilimia 36 na umekuwa kijivu chepesi. Ukutani hapo hujapaka rangi yoyote, na pazia hujanunua. Kuna vijana studio zao zimejaa mapazia ya kila rangi wakati ukuta mmoja na stendi inayosogea vingewatosha kwa kazi nyingi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwanini kwenye picha ya familia baba aliye karibu na taa kaungua, yani katoka mweupe kupita kiasi, na mtoto wa mwisho upande wa pili yuko gizani. Rudisha taa nyuma, tofauti ya umbali kati ya baba na mtoto inakuwa ndogo na mwanga unawafikia karibu sawa. Ila ujue kuna gharama yake, taa ikienda mbali inakuwa ndogo machoni pa mteja na vivuli vinakuwa vikali, softiboksi ileile ikisogea karibu inakuwa kubwa na vivuli vinalainika. Ndo maana kwa familia nasema tumia mwavuli mkubwa mweupe, ni bei nafuu kuliko softiboksi na unatawanya mwanga vizuri.

Nije kwenye ngozi, ambayo ndo iliyonifanya niandike. Mafunzo mengi tunayoyatazama mtandaoni anayepigwa ni mzungu, na mwalimu anasema weka taa hapa, nguvu hii, basi kijana ananakili kama ilivyo kwa dada yetu wa Ngamiani halafu anashangaa. Ngozi nyeusi inameza mwanga mwingi, na kinachorudi kwa nguvu ni ule mng'ao wa juu ya ngozi, kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua. Ngozi nyeupe inachorwa zaidi na kivuli, ya kwetu inachorwa na kivuli pamoja na huo mng'ao. Kwahiyo taa ikiwa ndogo na kali, mng'ao unatoka vidoti vyeupe vilivyoungua, na kwa joto la hapa Tanga mtu ameingia studio na jasho lake ndo inakuwa balaa. Taa ikiwa kubwa, karibu, na imekaa pembeni, mng'ao unatandaa polepole juu ya shavu na unaona rangi yote ya ngozi, unaona wekundu, unaona dhahabu, unaona kahawia ya chini. Mpe mteja tishu akandamize uso, asifute, akandamize tu, poda kidogo isiyozidi rangi yake, lakini usiue mng'ao wote, ukiuua wote uso unabaki na vumbi.

Chukua mzee amekuja Ijumaa baada ya swala na kanzu nyeupe, kofia ya kiua, miwani, na yeye mwenyewe ni mweusi tii. Hapo kuna mitihani yote kwa pamoja. Kwanza kamera ikiwa oto, yani inajipangia mwanga yenyewe, na unatumia taa za kuwaka muda wote, mita ya kamera inasoma kila kilichomo kwenye fremu na inataka kukifanya kiwe kijivu cha kati, ikiona kanzu nyeupe imejaa inapunguza mwanga, kanzu inakuwa kijivu na uso wa mzee unazama. Akija kijana na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi inafanya kinyume chake, inaongeza mwanga mpaka uso unapauka. Toa oto, weka manyuo, yani upange mwenyewe, na urekebishe mwanga ukitazama uso unavyotoka kwenye skrini. Pili, kanzu yenyewe ni riflekta, inarudisha mwanga chini ya kidevu chake, kwahiyo lile povu jeupe hulihitaji tena, liondoe. Tatu, usiielekeze taa katikati ya kifua, ipandishe na uigeuze kidogo ili kitovu cha mwanga kipite mbele ya uso wake na ukingo wake laini ndo umguse, kanzu haitaungua na nyuzi za kofia zitaonekana moja moja. Nne miwani, mwanga unadunda kwa pembe ileile ulioingilia, kwahiyo ukiona taa kwenye kioo cha miwani ipandishe au isogeze pembeni mpaka itoke, ikigoma nyanyua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio vioo vitazame chini, kwenye picha hakuna atakayejua. Mzee akitoka na picha hiyo anaitundika sebuleni na anakuletea ukoo mzima.

Kuna wanaosema kamera zilitengenezwa kwa ajili ya wazungu. Ni kweli kwa sehemu na ni vizuri vijana wajue historia yake. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara za kusafisha picha za rangi kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa mwanzo, na mashine zinarekebishwa mpaka ngozi ya yule mama itoke sawasawa. Mtu mweusi akipigwa pamoja na mweupe anatoka meno na macho tu. Mtafiti wa Canada anaitwa Lorna Roth alipofuatilia, wakongwe wa Kodak walimweleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha filamu kwenye rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao waliolalamika bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Hilo linauma. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Lakini kamera ya leo ukipiga RAW, yani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, inashika kuanzia kivuli kizito mpaka kanzu nyeupe, hata makampuni ya simu yameanza kulishughulikia hili, Google walikuja na mfumo wao wa rangi za ngozi kwenye simu yao ya Pixel 6 mwaka 2021. Kwahiyo kumsingizia mtengeneza kamera leo hii naona ni kukwepa kazi. Na hata kabla ya dijitali, pwani yetu hii ilikuwa na mafundi hasa. Pale Mji Mkongwe Zanzibar kuna Capital Art Studio, aliianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, watu walikuwa wanavaa nguo ya Idi wanakwenda kupigwa, na picha zile nyeusi na nyeupe ukizitazama unaona shavu, unaona paji, unaona mtu. Nawapa vijana zoezi lisilo na gharama, chukua albamu ya bibi yako, tazama kila picha ya studio kivuli cha pua kimeangukia wapi na zile nukta machoni ziko ngapi na ziko upande gani, utajua kabisa fundi aliweka taa ngapi na wapi.

Mambo ya seting hayana maajabu, nayapitia haraka. Kwa flashi ya studio anza na ISO 100 (kamera inavyohisi mwanga), apacha f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), shata 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inafunguka), halafu usicheze na kamera, cheza na nguvu ya taa na umbali. Usivuke kasi ya shata ambayo kamera yako inaenda pamoja na flashi, nyingi ni kati ya 1/160 na 1/250, ukivuka utaona mkanda mweusi umekata picha. Kwa taa za LED za bei rahisi, umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingine zinapepesa mara 100 kwa sekunde, shata ikiwa ya haraka sana utaona mistari, jaribu 1/50 au 1/100. Waiti balansi, ile seting inayoiambia kamera mwanga una rangi gani, iweke mwenyewe usiachie oto, na usichanganye taa, yani tyubu laiti ya dukani inawaka juu, softiboksi mbele, jua linaingia mlangoni, hapo upande mmoja wa uso unakuwa kijani mwingine njano na hakuna ngozi inayotoka salama, ndo mtu anakimbilia kuifanya nyeupe apate kuficha.

Wateja nao nina neno nao. Wapo wanaokuja na kusema kabisa "kaka nitoe mweupe". Kuna mpiga picha, simtaji, alimwosha mtoto wa shule uso kwenye picha ya mahafali ya darasa la saba mpaka mama yake mzazi akauliza huyu nani, na yule binti aliipenda. Miaka kumi na mitatu anaipenda picha ambayo si yake. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu vinaharibu ngozi na figo, halafu sisi wapiga picha tunakaa kwenye kompyuta tunawaambia watoto walewale kwamba uso wao wa asili hautoshi. Mi nimeacha kubishana na mteja, nampiga kwanza na taa iliyokaa vizuri, namwonyesha kwenye skrini kabla hajaniambia chochote. Wengi wananyamaza, wanaitazama, wanasema iache hivyohivyo. Walikuwa wanaomba weupe kwa sababu hawajawahi kuona weusi wao umepigwa vizuri.

Ninachoomba ni vitu viwili. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kompyuta na usanifu wa picha viweke kozi fupi ya taa, vifaa vyake ni taa moja, mwavuli, kitambaa cheupe na cheusi, na wa kupigwa wawe wanafunzi wenyewe ngozi zao zote. Na wewe Mhariri, gazeti lako lina wapiga picha wazuri, wape hata robo ukurasa kwa wiki waeleze picha moja tu, taa ilikuwa wapi na kwanini. Kijana wa Korogwe au Lushoto asiye na bando la kutazama video atalisoma gazeti kibandani na atakwenda kujaribu.

Kwa upande wangu, vijana wa hapa Tanga wanaotaka kujifunza nawakaribisha Jumapili alasiri studio ikiwa haina wateja, sitozi hela. Mwenye kamera aje nayo, asiye nayo aje na simu, na kila mmoja aje na mtu wa kumkalisha dirishani.

Wasalaam,
Mpiga picha wa studio,
Ngamiani, Tanga